"Zuko Alone" au chai ya Mzee Iroh? Sehemu za Avatar za kuanza nazo, na za kuruka

Shemeji yangu alinipa jioni moja tu. "Haya shem, nionyeshe hiyo katuni unayoisifia kila siku. Kipindi kimoja, basi. Mie na katuni tuliachana darasa la tano." Nikashika rimoti, nikaganda. "Avatar: The Last Airbender" ina sehemu 61, na kila ninayoipenda imebebwa mgongoni na nyingine zilizoitangulia. Nikachagua kwa tamaa. Nikamwekea "The Crossroads of Destiny", ile inayofunga msimu wa pili, kwa kuwa ina mapigano, usaliti na radi. Kila baada ya dakika tatu ananiuliza, "Huyu mwenye kovu ni mwema au mbaya?" Lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua, maana usiku ule hata Zuko mwenyewe hana jibu lake. Lakini shemeji hakuuliza kwa kuguswa. Alikuwa amepotea tu. Hadi inafika mwisho, alikuwa anachezea simu.

Ndiyo maana nimekaa nikazipambanisha mbili mbili, zile zinazofanya kazi moja, ili mwenye jioni moja ajue ashike ipi. Nitatoboa siri za hadithi, hata za mwishoni, kwa hiyo asiyetaka kuzijua aishie hapa.

Kwa asiyeijua kabisa: ni kazi ya Wamarekani wawili, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, iliyorushwa na Nickelodeon kuanzia tarehe 21 Februari 2005 hadi 19 Julai 2008. Misimu yake inaitwa vitabu: cha Maji kina sehemu 20, cha Ardhi 20, cha Moto 21. Dunia yake ina mataifa manne, na katika kila taifa wapo watu wanaoweza kuamrisha kimoja kati ya maji, udongo, moto na hewa. Avatar peke yake ndiye anayeviamrisha vyote, na akifa huzaliwa upya katika taifa linalofuata. Safari hii ni Aang, mtoto wa miaka 12 aliyeganda ndani ya barafu kwa miaka 100. Anapozinduka anakuta Taifa la Moto limeshawamaliza watu wake wote na linakaribia kuimeza dunia. Zuko, mwana wa mtawala wa taifa hilo, amefukuzwa kwao na anamwinda Aang ili aruhusiwe kurudi nyumbani.

Mapigano yake hayakubuniwa ovyo. Waamrishaji wa maji hujongea kwa tai chi, wa udongo kwa Hung Gar, wa moto kwa Shaolin ya Kaskazini, wa hewa kwa Bagua. Ukishazoea, unamtambua mtu ni wa taifa gani kwa anavyokanyaga, kabla hajatoa hata cheche. Haishangazi basi kwamba wengi wakipanga sehemu bora huanza na mapigano. Mimi nimejizuia. Nimejiuliza swali moja kwa kila sehemu: ukiliondoa pambano, kinabaki nini? Nyingi zinabaki mifupa. Chache hazipungukiwi na kitu.

Ya kumtia mtu ndani: "The Storm" au "The Blue Spirit"

Hizi zinafuatana, ya 12 na ya 13 katika Kitabu cha Maji. "The Storm" ina wasimuliaji wawili katika dhoruba moja. Pangoni, Aang anamweleza Katara, msichana mwamrishaji wa maji anayesafiri naye, kwa nini alitoroka: watawa walimfichulia kwamba yeye ni Avatar akiwa na miaka 12, ilhali kawaida mtu huambiwa akifika 16, kisha wakataka kumtenga na Gyatso, mlezi wake. Melini, Iroh anawaeleza mabaharia waliochoka na ukali wa mpwa wake, Zuko. Zuko akiwa na miaka 13 aliingia kwenye kikao cha vita, akampinga jenerali aliyetaka kuwatoa kafara askari wapya. Akahukumiwa kupigana. Alidhani atapigana na jenerali. Alipogeuka uwanjani, aliyesimama mbele yake alikuwa baba yake. Akapiga magoti akaomba radhi, na baba akamchoma uso.

Mmoja alikimbia alipotakiwa kubaki, mwingine alisema walipotaka anyamaze. Ndipo unapoelewa kwamba hawa wawindaji na wawindwa ni watoto wa jeraha moja. Udhaifu wake ni kwamba hadithi ya juu, ya mvuvi mkorofi na Sokka, kaka yake Katara, anayetafuta kibarua kwa sababu wameishiwa hela, ni kamba tu ya kuanikia hizo kumbukumbu.

"The Blue Spirit" haielezi kitu. Aang ametekwa na Zhao, kamanda mwenye tamaa ya vyeo, na mtu aliyevaa kinyago cha buluu anaingia ngomeni na panga mbili kumtoa. Kinyago hakitamki hata neno moja. Kwa msisimko ndiyo bora zaidi ya msimu wa kwanza, na wale vyura walioganda ambao Aang anatakiwa awapeleke kwa wenzake wanaoumwa wawanyonye kama dawa, watoto wa dada yangu wanawacheka mpaka leo. Ondoa pambano, inabaki dakika moja ya mwisho: kinyago kimemtoka, ni Zuko, amezimia. Aang angeweza kumwacha. Anambeba hadi msituni, anasubiri azinduke, anamuuliza kama wangeweza kuwa marafiki iwapo wangekutana enzi zile kabla ya vita. Anajibiwa kwa moto.

Kwa mtu mzima anayebeza, weka "The Storm". Inajibu swali la shemeji. Kwa kijana wa miaka 10 asiyetulia, weka ile ya pili. Kila moja ni dakika 23 hivi, kwa hiyo mwenye saa nzima hana haja ya kuchagua.

Ya juu kabisa: "Zuko Alone" au "The Tales of Ba Sing Se"

Hapa ndipo mashabiki wanapogombana, na mimi nimebadili kambi mara mbili.

"Zuko Alone", ya 7 katika Kitabu cha Ardhi, inamwondoa Aang kabisa. Haonekani. Ni Zuko tu, ana njaa, anapita kijiji cha Ufalme wa Ardhi kinachonyanyaswa na askari waliopaswa kukilinda. Imejengwa kama filamu za zamani za wapanda farasi: mgeni asiyetaja jina, vumbi, mtoto anayemtazama kwa macho ya kumtukuza. Mtoto huyo, Lee, familia yake inampa Zuko chakula na mahali pa kulala. Katikati tunarudishwa utotoni kwa Zuko, kwa mama yake Ursa, kwa dada yake Azula anayefurahia maumivu ya wengine, na kwa usiku ambao mama alikuja kumuaga gizani, kisha asionekane tena.

Zuko anampa Lee kisu alichopewa na Iroh zamani, chenye maandishi ya kutokata tamaa bila kupigana (upande wa pili kimeandikwa tu kwamba kimetengenezwa Ufalme wa Ardhi, utani mdogo ninaoupenda). Lee anakitumia kisu, anatiwa mbaroni, na Zuko anarudi kumwokoa. Anapigana kwa panga. Anazidiwa. Ndipo anatoa moto, anashinda, anataja jina lake kamili mbele ya kijiji kizima. Na kijiji kizima kinamgeuka. Lee anakikataa kisu na kumwambia anamchukia. Zuko anaondoka juu ya mnyama wake na njaa ileile aliyokuja nayo.

Ukilipima pambano hilo kwa kipimo changu, lina kazi moja tu: kumvua nguo mshindi.

"The Tales of Ba Sing Se", ya 15 katika kitabu hichohicho, ni visa sita vifupi vya siku moja mjini Ba Sing Se, mji mkuu wa Ufalme wa Ardhi. Havilingani. Cha Aang kuhamisha wanyama wa hifadhi ni chepesi mno. Cha Sokka kwenye mashindano ya mashairi kinachekesha ukifuatilia mizani: anatupwa nje kwa silabi moja iliyozidi, jambo ambalo yeyote aliyewahi kuhesabu mizani nane kwa nane atamwonea huruma. Cha Zuko kutoka na msichana kina taa za kisimani ambazo anaziwasha kwa siri kwa ajili yake. Cha Katara na Toph kinaanza na urembo na kuishia daraja moja ambapo wasichana wanamcheka Toph, mwamrishaji wa udongo aliye kipofu, na yeye anawamwaga mtoni. Kisha anasema hajali sura yake kwa kuwa haioni, na chozi linamtoka.

Halafu kuna cha Iroh. Mzee anazunguka mjini akiwasaidia watu asiowajua: anambembeleza mtoto anayelia kwa wimbo, anamfundisha mwizi namna ya kusimama vizuri kisha anamshauri juu ya maisha. Jioni anapanda mlimani, anaweka picha ya mwanawe Lu Ten chini ya mti, anawasha ubani na kuimba wimbo uleule. Safari hii sauti inakatika. Mwanawe alikufa katika mazingira ya vita vya kuuteka mji huuhuu, na aliyeongoza jeshi alikuwa Iroh mwenyewe. Leo anaishi humo kama mkimbizi anayepika chai. Mwisho wa kisa panatokea maneno ya kumuenzi Mako, mwigizaji aliyempa Iroh sauti, aliyefariki Julai 2006. Sehemu hii ilirushwa Septemba mwaka huohuo.

Niliwahi kusema kisa hiki hakimgusi asiyemjua Iroh. Siku chache baada ya arobaini ya msiba nyumbani nilikuwa nakirudia, na mama, ambaye hana subira na kelele za katuni, akasimama mlangoni na ungo wa mchele mkononi mpaka kikaisha. Hakuuliza huyo mzee ni nani. Akarudi jikoni. Kwa hiyo huenda nakosea.

Hata hivyo naiweka "Zuko Alone" juu. Dakika za Iroh ndizo bora kuliko dakika zozote nyingine za mfululizo huu, ila zimezungukwa na visa vitatu ambavyo nisingevikumbuka. "Zuko Alone" haina dakika ya kuruka. Na inasimama yenyewe: nilimrudia shemeji nayo wiki iliyofuata. Hakugusa simu. Mwishoni akauliza, "Sasa mama yake alikwenda wapi?" Nikamwambia sehemu zote 61 hazijibu hilo. Alinikasirikia kidogo, halafu akaomba nyingine.

Kama nyumbani kuna anayependa wanyama, sehemu inayofuata ile ya visa, "Appa's Lost Days", inamfuata nyati wa Aang anayeruka angani tangu alipoibwa jangwani: anauzwa kwenye sarakasi, anachapwa, anatoroka, anakuwa na woga wa watu. Ni nzuri na inaumiza. Usiiweke usiku mtoto anapotakiwa alale.

Katara akikasirika: "The Puppetmaster" au "The Southern Raiders"

Zote zimo katika Kitabu cha Moto, ya 8 na ya 16, na zote zinamuuliza Katara swali moja: una nguvu ya kumdhuru aliyekudhuru, utafanyaje?

"The Puppetmaster" ni hadithi ya kutisha ya halali. Wanakijiji wanapotea kila mwezi mpevu. Bibi mkarimu mwenye nyumba ya wageni, Hama, ni wa kabila la Katara, mateka wa miaka mingi. Gerezani walimnyima maji yote, ndipo akagundua kwamba hata mwili una maji, na kwamba anaweza kuyaamrisha. Akaanza na panya. Kisha walinzi. Kinachonipa baridi ni kwamba anachosema Hama kuhusu mateso yake ni kweli tupu, na wale anaowafungia chini ya mlima ni raia wa kawaida wasiomtenda lolote. Katara analazimika kuutumia uwezo huohuo kumzuia asiwaue wenzake. Hama anachukuliwa na minyororo, anafurahi, kazi yake imekamilika: amepata mrithi. Katara analia. Sehemu inakatika hapo hapo, na ni sawa ikatike.

"The Southern Raiders" imekomaa zaidi na imejaa makunyanzi zaidi. Zuko, sasa akiwa upande wa Aang, anampeleka Katara kumtafuta askari aliyemuua mama yake. Kwanza wanamkamata mtu asiye yeye, na Katara anamwinamisha kwa kuamrisha damu yake, bila kusita. Zuko anatoa macho. Mtazamaji naye. Kisha wanampata Yon Rha mwenyewe: mzee mstaafu, mwoga, anayefokewa na mama yake kuhusu mboga za bustani. Mvua inasimama hewani, inageuka mikuki ya barafu, inafika inchi chache kutoka usoni kwake. Inaanguka. Yon Rha, akitetemeka, anajitolea mama yake auawe badala yake. Hapo ndipo unajua Katara hana kitu cha kupata kwa mtu yule.

Aang alikuwa amemsihi asamehe. Katara anaporudi anasema wazi kwamba hajamsamehe muuaji. Anayesamehewa naye ni Zuko. Hadithi nyingi za watoto zingemlazimisha amsamehe muuaji ili tulale vizuri. Hii haikumlazimisha, na ndiyo sababu naipendelea kati ya hizi mbili. Aang hapa ananikera, lazima niseme: maneno ya hekima kwa mtu mwenye kidonda kibichi, tena kwa sauti ya mwalimu. Labda waandishi walitaka anikere.

Ila ukitaka kuchagulia rafiki yako mpenda filamu za mizimu, ni "The Puppetmaster", taa zikiwa zimezimwa.

Miisho: "The Crossroads of Destiny" au "Sozin's Comet"

Ya kwanza ni dakika 23, ya pili ni sehemu nne zilizorushwa pamoja tarehe 19 Julai 2008. Si pambano la haki, lakini watu huuliza.

"The Crossroads of Destiny" ina jambo ambalo mwisho wa mwisho hauna: inathubutu kushindwa. Katara, akiwa amefungiwa pamoja na Zuko chini ya Ba Sing Se, anagusa kovu lake na kumwambia ana maji ya kipekee yanayoweza kuliponya. Dakika chache baadaye Zuko anachagua upande wa Azula. Radi inampiga Aang mgongoni. Maji yale yanaishia kumrudishia Aang uhai. Iroh anajisalimisha ili wengine wakimbie na hamtazami tena mpwa wake machoni. Jiji linaanguka. Hakuna aliyepata alichotaka, hata Zuko, ambaye amepata kila alichoomba.

"Sozin's Comet" ina kasoro mbili zisizofichika. Kobe-simba anatokea baharini karibu na mwisho na kumpa Aang njia ya kumshinda Mtawala Ozai, baba yake Zuko, bila kumuua, na jiwe linagonga kovu la Aang mgongoni mahali palepale panapotakiwa ili nguvu zake za Avatar zirudi. Aang aliteseka sehemu tatu nzima na swali la kuua au kutoua. Akaletewa jibu mkononi.

Lakini kuna pambano la Zuko na Azula. Moto wa rangi mbili, wa Azula ukiwa wa buluu, uwanja mtupu, na muziki wa Jeremy Zuckerman ambao haupigi ngoma za ushindi bali unaomboleza. Azula amekwishavunjika kabla ya kuanza: amewafukuza watumishi wote, amejikata nywele, amezungumza na mama yake kwenye kioo. Ni pambano pekee ambalo kipimo changu hakiliwezi, kwa sababu ukiliondoa unakuwa umeondoa huzuni yenyewe. Na kabla yake, hema moja: Zuko anasubiri usiku kucha Iroh aamke ili aombe radhi, anaanza kuomba, na mzee anamvuta kifuani kabla hajamaliza sentensi.

Kwa ujenzi, naipa ushindi ya kwanza. Kwa kurudia, hurudia ya pili, tena kuanzia kwenye hema.

Ukinibana nipange tano zangu basi: "Zuko Alone", "The Tales of Ba Sing Se", "The Southern Raiders", "The Crossroads of Destiny", "The Storm". "Sozin's Comet" ningeiweka ya pili kama ningeruhusiwa kuikata vipande.

Za kuruka: "The Great Divide" au "Avatar Day"

Kila orodha mtandaoni huweka "The Great Divide", ya 11 katika Kitabu cha Maji, mkiani. Makabila mawili yaliyogombana miaka 100 yanavushwa korongo moja, yanalalamika njia nzima, na Aang anayapatanisha kwa kuwatungia uongo kuhusu mababu zao. Wapo wanaoitetea kwa huo uongo, kwamba ni wazo la kufikirisha. Lingekuwa hivyo kama lingemgharimu Aang chochote. Anacheka, wanaondoka.

"Avatar Day", ya 5 katika Kitabu cha Ardhi, nayo ni legelege: kijiji kinachochoma sanamu za Avatar, Sokka akijifanya mpelelezi, kesi ya kipuuzi. Ila roho ya Kyoshi, Avatar wa zamani, inapoitwa kujibu tuhuma ya kumuua mbabe mmoja wa vita, inakiri bila kujitetea kwamba kweli ilimuua. Nusu dakika, na inatosha kuiokoa. Tena itakusaidia baadaye Aang anapoanza kuhangaika na Ozai.

Kwa hiyo ruka ya korongo bila kujuta. Wenyewe waliotengeneza walishafanya hivyo: katika "The Ember Island Players", ambapo Aang na wenzake wanakaa ukumbini kutazama mchezo mbovu wa kuigiza maisha yao, waigizaji wanapita juu ya korongo lile, mmoja anaonyesha kidole ukubwa wake, na mwenzake anasema waendelee tu kuruka.